Pikipiki ya Mtu Aliye Ziwani

Mwezi uliopita fundi mmoja wa Kashai alifungua kifuniko cha rejeta ya gari langu, nami nikainuka kwenye benchi nikaenda kusimama ng'ambo ya barabara. Fundi alidhani ni moshi wa bodaboda zilizokuwa zikisubiri abiria hapo jirani. "Pole, mama, hapa moshi umezidi," akasema. Nikamwambia ni kweli. Lakini haukuwa moshi. Ilikuwa harufu ya yale maji ya kijani, tamu kidogo, kama ndizi mbivu iliyosahauliwa karibu na chuma cha moto. Kwa watu wengi hiyo ni harufu ya gereji tu. Kwangu ni harufu ya baba amechuchumaa uani kwetu Muleba, siku ambazo bado nilikuwa nikijiuliza kama huyu ni mtu aliye hai au ni marehemu.

Baba alikuwa bwana shamba wa mradi mmoja wa kahawa. Mradi ulipofungwa walimwachia pikipiki aliyokuwa akiitumia, kubwa, nyeupe, ya pekee kijijini kwa sababu ilikuwa na rejeta kama gari. Nyingine zote zilipozwa na upepo. Yake ilipozwa na maji. "Hii inakunywa," aliniambia akiipiga-piga tangi, nami nikaichukulia kama tulivyomchukulia ng'ombe wa jirani, kiumbe mwenye kiu yake.

Bila mradi, kazi ikawa shida. Nilipokuwa namaliza darasa la kwanza, baba alikwenda kisiwa cha Goziba kununua dagaa awalete bara. Goziba haifikiki ila kwa boti, na pikipiki ungeipeleka huko ufanye nayo nini? Aliiegesha kwenye kibanda cha kuhifadhia kahawa, akamwambia mama kwamba atarudi baada ya miezi miwili. Alirudi baada ya miaka mitatu.

Siku hizo simu zilikuwa hazijafika kwetu. Mwanzoni zilikuja salamu kupitia wachuuzi wa samaki, kisha zikakoma. Kila nilipouliza, mama alinijibu jibu moja: "Baba yako yuko ziwani." Alilisema bila kunitazama, mikono yake ikiendelea kumenya ndizi.

Darasani nilikaa dawati moja na msichana aliyeitwa Alistidia. Baba yake alikufa maji mtumbwi wao ulipopinduka, na mwili haukupatikana. Kwa kuwa hawakuwa na kaburi la kuonyesha, kwao walipoulizwa habari zake walisema tu, "Yuko ziwani." Alistidia aliniambia hivyo wakati wa mapumziko, nami nikamwambia kwamba wangu pia yuko ziwani. Alinishika mkono. Tulikaa hivyo mpaka kengele ikalia.

Tangu hapo kila nilichokiona kilikubaliana na nilichokijua. Mama aliifunika pikipiki kwa turubai, akaizungushia kamba na kuifunga mafundo mengi kuliko ilivyohitajika. Watu wazima walinyamaza nilipoingia. Shangazi Getruda, dada mkubwa wa baba, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo tu ya njia, alisimama siku moja mlangoni kwetu akasema, "Kaka yetu tumempoteza." Mama hakubisha. Sikujua kwamba mtu anaweza kupotea kwa njia nyingine. Habari za mwanamke aliyekuwa akiishi na baba kisiwani zilikuwa zimekwishafika kijijini, lakini hazikuwa habari za kumpa mtoto.

Basi nilimwomboleza peke yangu. Katika sala ya jioni nilimtaja kimoyomoyo baada ya babu na bibi. Mara nyingine niliingia kibandani, nikaweka sikio kwenye turubai. Ndani kulikuwa na mchakacho mdogo mdogo, panya bila shaka, lakini mimi niliamini ni yale maji ya pikipiki, na kwamba baba aliyamimina kwa mkono wake na bado yamo.

Nikiwa darasa la nne, Novemba ilipofika, katekista aligawa karatasi za kuandika majina ya marehemu wa kila familia ili yasomwe kanisani. Nilikuwa na mwandiko mzuri, kwa hiyo mama akaniambia niandike. Alinitajia wanne: babu, bibi, mjomba wake, na kaka yangu aliyeishi wiki mbili tu. Kisha akanyamaza. Nilingoja nikiwa nimeinua kalamu. Niliona midomo yake imebana, nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba jina la tano linamshinda kulitamka. Alipogeuka kuangalia sufuria, nililiandika mwenyewe: Projestus Rwegoshora. Nikaikunja karatasi, nikaitia kwenye bahasha na kuilamba. Nilihisi nimemtua mama mzigo.

Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Jumapili ile vidole vyangu vilikuwa bado vinanuka senene tuliowanyonyoa asubuhi, na nakumbuka nikivinusa kwa siri wakati katekista akisoma familia baada ya familia kwa sauti iliyochoka. Alipofika kwetu alisoma majina manne, akasita, akasoma la tano. Watu wa mabenchi ya mbele wakageuka. Mama alinitazama mara moja, muda mfupi sana, kisha akaelekeza macho altareni, asiyatoe tena huko mpaka mwisho wa misa.

Nje, shangazi alimngoja chini ya ngazi.

"Mama Koku, nani amemwandika kaka yangu na wafu?"

"Ni mimi," mama akasema.

"Wewe? Mtu yu hai, anakula, anatembea, wewe unamzika?"

"Nimesema ni mimi, wifi."

Tulipofika nyumbani mama alinikalisha, akachuchumaa mbele yangu mpaka macho yetu yakawa sawa. "Koku, baba yako hajafa. Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

"Na mtu akikuuliza habari ya ile karatasi, wewe hujui kitu."

"Ndiyo, mama."

Niliitikia bila shida, kwa sababu katekista naye alitufundisha kwamba wafu hawajafa, wanaishi kwa Mungu. Nilidhani mama ananifariji. Na shangazi nilimwona kama mtu wa msiba anayekataa kuamini. Sikujua kwamba mama amejitwika neno zito sana. Kwa ukoo wa baba, mke aliyepeleka jina la mume wake aliye hai lisomwe na wafu alikuwa amemwapiza mbele ya altare.

Maneno hayo yalivuka ziwa haraka kuliko salamu zozote. Mchuuzi mmoja wa dagaa aliyekuwepo kanisani ndiye aliyeyafikisha Goziba.

Shule zilipokuwa zimefunguliwa tena baada ya Krismasi, mchana mmoja nilikuwa uani nikichambua maharage, nikaona mtu amesimama penye migomba ya mwisho. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Alikuwa mwembamba na mweusi kuliko nilivyomkumbuka, na alibeba kidumu kidogo chenye kitu cha kijani ndani. Nilipiga magoti kumsalimia kama nilivyofundishwa kuwasalimia wakubwa, lakini mkono sikumpa.

"Koku, hunijui?"

"Nakujua."

"Basi mbona hunipi mkono?"

Niliutazama mkono ule. Nilijua kwamba wafu ni wa baridi, maana nilimgusa bibi kabla hawajamfunika. Nikawaza kwamba nikikataa atakasirika, nikaunyoosha wangu huku nimefumba macho. Mkono wake ulikuwa wa moto, tena una jasho. Nilizidi kuchanganyikiwa.

Mama alirudi kutoka shambani na mzigo wa majani kichwani. Alimwona, akautua taratibu, akajipangusa. "Umefika," akasema.

"Nimefika. Nimekuja kuchukua pikipiki. Kuna mtu wa Bukoba tutabadilishana, anipe injini ya boti."

"Iko palepale ulipoiacha."

"Nilisikia pia kwamba mmenizika."

"Ndiyo," mama akasema, akaingia jikoni.

Hayo ndiyo yote waliyoambiana. Kwa siku kadhaa zilizofuata mama alizungumza naye kupitia kwangu tu. Mwambie baba yako chakula tayari. Mwambie baba yako maji ya kuoga yako nje. Naye alijibu kupitia kwangu, ilhali wamekaa umbali wa hatua tatu tu.

Asubuhi ya pili shangazi alikuja, akamsalimia kaka yake kwa machozi, akamgusa uso na mabega kama anayehakikisha. Kisha akasema bila kushusha sauti kwamba Jumapili wazee wawili wa ukoo watakuja kwake. Mwanamke aliyemwapiza mume hawezi kukaa kwenye kibanja cha ukoo. Atarudi kwao Kahororo. "Na mtoto?" baba akauliza. "Mtoto ni wetu," shangazi akasema. "Mtoto anabaki."

Nilikuwa nyuma ya mlango. Hapo ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza kwamba kuna kitu nimekivunja, ingawa bado sikujua ni kitu gani. Kama baba yuko hapa na anakunywa uji, basi karatasi ilikuwa ya uongo. Na kama karatasi ilikuwa ya uongo, mama alikuwa anafukuzwa kwa uongo wangu.

Baba alianza kazi ya pikipiki siku hiyo hiyo. Alikata kamba za mama kwa kisu kwa sababu mafundo yalishindikana. Panya walikuwa wamezaa ndani ya kiti. Alimwaga petroli iliyokuwa imeganda na kunuka kama rangi, akasafisha plagi kwa msasa, akabadilisha oili. Maji ya rejeta aliyaacha mwisho, na aliniita nishike beseni.

"Unafungua hapa injini ikiwa ya baridi tu," akasema, akizungusha kifuniko. "Ikiwa ya moto yatakurukia usoni. Mpola mpola, taratibu."

Nilichungulia. Nilikuwa nimeyafikiria maji hayo kwa miaka mitatu, nikiyaona ya kijani, yenye kung'aa. Yalikuwa ya kahawia, mazito, yana kutu. Baba alilegeza bolti ya chini, yakaanza kutoka kwa shida, kwanza matone, kisha kijito chenye matope, na ile harufu tamu ikajaa uani.

Nilianza kulia. Baba akadhani yameniingia machoni, akainua uso wangu kuangalia. "Ni maji tu, Koku. Yamekaa mno. Maji haya yakiachwa yanachoka, yanaanza kula chuma kutoka ndani." Kisha akaniambia nisiwaache kuku wasogee, kwa sababu ni matamu na yanaua. Alichimba shimo mbali na migomba, akayamwaga humo na kulifukia.

Tulisuuza kwa maji ya mvua kutoka kwenye pipa. Alimimina, akapiga kiki mara nyingi mpaka jasho likamtoka, injini ikakohoa, ikawaka, ikanguruma kidogo, akaizima. Tukangoja ipoe kabisa, tukamwaga. Mara ya kwanza yalitoka kama chai ya rangi. Mara ya pili kama maji ya kuoshea mchele. Mara ya tatu niliweza kuiona mikono yangu chini ya beseni. Akabadilisha mpira mmoja uliokuwa umepasuka, akaubana kwa waya, ndipo akafungua kile kidumu alichotoka nacho kisiwani. Alichanganya ile kulanti, yale maji ya kijani ya rejeta, na maji ya mvua, akaimimina kidogo kidogo, akiuminya mpira ili hewa itoke.

"Sasa tunaiwasha bila kufunga. Angalia hapo. Ukiona mapovu, ni hewa. Hewa ikibaki ndani, maji hayazunguki, na injini inajiunguza yenyewe bila mtu kujua. Yakiisha mapovu, uniambie."

Akawasha. Nilisimama nikiangalia mdomo wa rejeta. Mapovu yalipanda, moja kubwa, matatu madogo, kimya, jingine tena. Maji yakashuka, akaongeza. Injini ilikuwa inalia kwa nguvu, na nadhani ni kelele hiyo iliyonipa moyo, kwa kuwa nilijua mama hatasikia jikoni.

"Ni mimi niliyekuandika," nikasema.

"Nini?"

"Karatasi ya kanisani. Ni mimi. Mama hakujua."

Hakuinuka. Alibaki amechuchumaa na kidumu mkononi. "Nani alikuambia uniandike?"

"Hakuna. Mama alisema uko ziwani. Baba yake Alistidia naye yuko ziwani."

Niliona anatafuta Alistidia ni nani, akampata, na niliona uso wake ulivyobadilika alipompata. Mapovu yalikuwa yamekwisha. Nilimwambia, lakini hakusikia, ikabidi nimvute mkono. Alifunga kifuniko, akazima, na ukimya ulioingia uani ulikuwa mkubwa hata mama akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

"Miaka yote mitatu?" baba akaniuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali. Alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka jua likaanza kushuka. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, na hakula.

Jumapili tulikwenda kwa shangazi sote watatu. Mama alikuwa amevaa gauni lake la misa, na nyuma ya mlango nyumbani alishaacha begi lililofungwa. Wazee wa ukoo walikuwa wameketi kwenye makochi, chai imemiminwa. Shangazi alianza kueleza. Baba hakumwacha amalize.

"Dada, subiri. Aliyeniandika ni Koku. Mama yake alimficha tu."

Shangazi alinigeukia. Nilishika kitambaa cha gauni la mama.

"Na mtoto hakukosea," baba akaendelea. "Mtu asiyetuma salamu miaka mitatu, mtoto wake amweke wapi? Amenitafutia mahali, akaniweka na baba na mama yetu. Ameniombea. Mimi kule sikuwa nikimwombea mtu." Kisha akasema, "Kama kuna wa kuondolewa kwenye kile kibanja ni mimi, na mimi nilishaondoka zamani. Mama Koku ndiye aliyebaki."

Mzee mmoja alikohoa. Shangazi alikuwa ameshika kingo za kanga yake, akizikunja na kuzikunjua, nami nikamwonea huruma, kwa kuwa yeye pia alikuwa amemngoja mtu huyu miaka mitatu. Mwishowe alisema, "Kunyweni chai, waitu, ndugu zangu, inapoa." Tukanywa.

Tulipokuwa tunarudi, katikati ya njia, mama alisimama. "Kwa nini hukuwaambia umekuja kuchukua pikipiki?" Lilikuwa neno lake la kwanza kwa baba tangu siku ile ya kwanza.

"Kwa sababu siichukui," baba akasema.

Alikaa nasi wiki tatu. Kila jioni walikwenda uwanja wa mpira wa shule, akamfundisha mama kuendesha. Alikimbia nyuma yake ameshika keria, akipiga kelele za gia na klachi, watoto tukicheka pembeni, mpaka siku moja aliiachia na mama hakujua kwamba ameachiwa. Alikwenda moja kwa moja hadi mwisho wa uwanja, gauni limekunjwa magotini, mgongo umenyooka. Baba alibaki katikati ya uwanja, mikono imening'inia. Sikuwahi kuwaona wakicheka pamoja, na sitasema kwamba walipatana. Mama alimpa chakula na maji ya kuoga. Kitanda hakumpa.

Asubuhi aliyoondoka ni mama aliyempeleka mpaka barabara kuu kupata gari la kwenda mwaloni kupanda boti. Yeye mbele, baba nyuma na mfuko wake. Baba aliniaga kwa mkono, na safari hii sikufumba macho.

Mama alirudi peke yake. Aliiegesha pikipiki kibandani bila kuifunika, akaja akakaa karibu nami kizingitini.

"Amekwenda Goziba," akasema. "Ana mwanamke huko, na wana mtoto. Amesema atakuja Pasaka. Asipokuja nitakuambia kwamba hakuja. Sitakuficha tena."

Nilifikiri kwanza. Kisha nikauliza, "Huyo mtoto anaitwa nani?"

"Sijui," mama akasema. "Nilishindwa kumuuliza. Akija, muulize wewe."

Alikuja Jumatatu ya Pasaka, amechelewa siku moja, na samaki wakavu kwenye kiroba. Nilimkimbilia nikamuuliza kabla hajatua mzigo. Aliutua, akatazama upande wa jikoni, akanitajia jina, nami nikalirudia mara mbili ili nisilisahau. Kule jikoni mikono iliyokuwa ikimenya ndizi ilisimama. Kisha nikamsikia mama naye akilitamka kwa sauti ya chini, polepole, kama anayejifunza.